Kinu cha Mama Chini ya Gari

Semeni, uko? Acha unachofanya, unisikilize.

Si unamjua mume wangu na ubishi wake? Leo kainua gari uani kwa jeki, afunge egzosi, lile bomba la moshi. Nikamwambia, Ignas, kaazime stendi za chuma za kushikilia gari kwa jirani. Eti "Za nini? Kinu kipo."

KINU! Kile alichonipa mama siku ya harusi! Kakipindua, kakisukuma chini ya gari, akatoa jeki, akaingia uvunguni anapiga mluzi.

Mara hodi. Mama huyo, katoka Matombo na mkungu wa ndizi, wala hakusema anakuja.

Sasa Ignas amwamkie mkwewe amelala chali, miguu nje? Thubutu! Akajiburuza akatoka, akajifuta grisi, akachuchumaa: "Shikamoo mama."

Mama hajajibu, tukasikia PAA! Kinu kimepasuka katikati. Gari likashuka pale pale kilipokuwa kifua cha Ignas. Pale pale, Semeni!

Mama akatazama kinu, akamtazama mkwewe. "Marahaba, baba. Kinu nitakuletea kingine. Cha kutwangia."

Nimecheka huku nalia.

Sasa hivi wako mjini wanachagua stendi. Mama kagoma kubaki. Ignas kanipigia, anasema kila wakionyeshwa moja mama anauliza: inabeba tani ngapi? Miguu mipana? Pini nene? Muuzaji hoi.

Ila mimi nawaza kitu kimoja tu. Angekuwa mgeni mwingine yeyote, Ignas angemwitikia kule kule chini.