Kona Iliyolala katika Saa ya Dhahabu

Mpendwa Mshauri,

Kabla ya kukuomba msaada sina budi kufafanua neno moja, la sivyo shida yangu itaonekana ya kitoto. Kona ya ndani ni mahali ambapo kingo mbili za chuma, zilizochongwa mshazari na kung'arishwa, hukutana zikielekea ndani na kuacha mstari mmoja mkali. Mashine huiacha na mviringo, kwa hiyo kona kali ni ushahidi kwamba mkono wa mtu umepita hapo.

Baba yangu, Armand Calame, amechonga kona hizo hapa Le Locle, mji wa mafundi saa nchini Uswisi, maisha yake yote, nami nilijifunzia kazi kwenye meza yake, na sasa binti yangu Solène anahitimu chuo cha mafundi saa, na baba ameamua kumpa saa ya mfukoni ya dhahabu iliyokuwa ya babu yake mwenyewe, ile ambayo mfuniko wake umechorwa maua ya mlimani kwa mkono, lakini ndani kutu ilikuwa imekula daraja, yaani bamba dogo linaloshikilia magurudumu, ikabidi litengenezwe jipya, na baba akasema hilo ni lake, nisiliguse, ingawa siku hizi mikono yake inatetemeka hata supu inafika mdomoni nusu kijiko.

Amemaliza. Kona zake ni nzuri kuliko zangu, isipokuwa moja, ambayo imelala, yaani mstari wake umepoteza ukali ukawa mviringo kidogo.

"Iko sawa?" aliniuliza, akinipa lenzi.

"Subiri, baba, mwanga haunitoshi."

"Mchana kweupe hivi? Basi uzee umeanzia kwako, mwanangu!" Akacheka, kisha akauliza tena, "Lakini iko sawa?"

Nikasema kahawa inamwagika, nikakimbilia jikoni.

Solène, kama mafundi wote, ataanza kwa kufungua mgongo wa saa, na tayari ameshamtania: "Babu, nikikuta kona imelala, nakurudishia ukafanye upya." Naye akamjibu, "Ukiikuta, we mtundu, mwezi mzima nakupikia mimi." Ninaweza kuichonga upya baba akiwa amelala mchana, asijue kamwe, au niiache aumbuke mbele ya mjukuu wake, na yote mawili yananiuma kwa sababu nampenda mno. Nifanyeje?

Edmée, Le Locle

MSHAURI ANAJIBU

Edmée, barua yako imenifurahisha, kisha ikaniudhi kidogo. Umeifafanua kona kwa uangalifu mkubwa, ila upendo umeuacha bila mipaka yoyote.

Umesema mwenyewe kwamba kona kali ni ushahidi wa mkono. Wa nani? Ukiichonga kwa siri, saa itatoa ushahidi wa uongo, tena kwa msichana aliyefundishwa kutambua mikono. Atautambua wako. Atampongeza babu kwa kazi isiyo yake, au atanyamaza kama ulivyonyamaza wewe, na nyumba yenu itakuwa na watu wawili wanaomlinda mzee asijue jambo ambalo, nadhani, analijua.

Maana swali lake hukulisikia. Ni lini mara ya mwisho Armand Calame alikuuliza kama kazi yake iko sawa? Safari hii ameuliza mara mbili. Ninashuku ukucha wake ulishapita juu ya kona ile ukamwambia kila kitu. Alichotaka kujua ni kama bado unamhesabu kuwa fundi, nawe, mama mzima, ukamjibu kwa kahawa!

Sikiliza sasa. Kesho asubuhi, mikono yake ikiwa imetulia, keti naye mezani umwambie kama ungemwambia fundi mwenzako: "Baba, hii imelala." Usipambe maneno, wala usitoe machozi. Mwekee mbele kijiti kilichokaushwa cha jentiana, ule mmea wa mlimani ambao mafundi hung'arishia kona, pamoja na unga wa kung'arishia, kisha ufunge mdomo. Akitaka umshikie mkono, mshikie. Akikuagiza uichonge wewe, ichonge akikutazama, akukaripie apendavyo, na Solène aambiwe wazi ni kona ipi iliyo yako. Hapo utakuwa umempenda bila kumpunguza.

Liko jambo moja ambalo siwezi kukuamulia. Huenda akaitazama kwa lenzi, akaiweka chini, akasema, "Iache hivyo hivyo." Je, atakayekuwa amesema hayo ni fundi aliyechoka, au ni babu anayetaka mjukuu aujue mkono wake jinsi ulivyo leo?