Kanisa la Kiponda Lililochomelewa

Sabaki,
S.L.P. 318,
Malindi.

9 Juni 2024

Mpendwa Kaka Garama,

Shikamoo. Waonaje hali huko Doha na joto lake? Kifua kimepoa? Sisi huku wazima wa kutembea, ila mioyo ndiyo inayouma. Mama anakula kidogo, na macho yake sasa yanaona mwanga tu.

Mto umefika, kaka. Mvua za Mei zimeula ukingo wote, na maji yanagusa msingi wa kanisa alilolijenga marehemu ndugu yetu Kiponda.

Unajua alivyolijenga: chuma kitupu, nguzo na mihimili imefungwa kwa bolti, kila kipande na namba yake. Alisema siku mto ukija tulifungue kwa spana, tulibebe hadi kule juu, tulifunge tena. Watu wakamcheka, kanisa gani la kufunguliwa kama kitanda!

Alipofariki, wezi wakaanza kung'oa bolti wauze. Mama akalia kwamba kazi ya mwanawe inaliwa. Mwaka ulipotimia tangu tumzike, badala ya kumjengea kaburi la saruji, ukoo ukaamua kumuenzi kwa kuchomelea viungo vyote vya kanisa. Wazo lilikuwa la Mama, nasi tukampigia vigelegele. Hee, kaka, tulivyofurahi siku ile! Hakuna aliyekumbuka bolti zile zilikuwa za nini.

Sasa spana hazina kazi. Mafundi wamejaribu, wapi! Tangu Jumatatu wanakata kwa gesi, na nguzo zinatoka vipande visivyofaa kusimamisha hata banda la mbuzi. Mnunuzi wa vyuma chakavu anangoja na lori lake. Nimelia hadi nimechoka.

Mama hajui. Anasikia vyuma vikianguka, akidhani viungo vilivyochomelewa vimeachia na sasa wanafungua. Jana alimtuma binti yangu Jedida awapelekee mafundi uji, awasihi wasizichanganye namba za Kiponda.

Msalimie wifi Fridah na watoto. Dada Zipporah anakusalimu sana. Mola akufunike huko ugenini na akurudishe ungali na nguvu zako.

Kaka, Jumapili ya tarehe 30 Mama anataka apelekwe kule juu akazishike nguzo za mwanawe. Leso ya kuvaa ameshaitoa sandukuni. Nakuomba upige simu kabla ya siku hiyo, umwambie wewe. Mimi mdomo huo sina.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Kahaso