Majembe ya Klabu

Jumamosi, bwenini

Majembe tumeyarudisha stoo na udongo wake. Mwalimu mlezi wa klabu yetu ya ngoma aliuona, akafunga mlango tu.

Leo tumemzika Masanja, mpiga ngoma wetu, kwao Zagayu. Malaria. Juzijuzi tu alinigombeza mbele ya wenzangu kwamba kwenye bugobogobo, ngoma yetu ya majembe, nachelewa kuinua jembe, nikamnunia.

Sioni nani atapiga sasa. Wanaotaka disko la kaseti kila Jumamosi watapewa nafasi yetu.

Tulipanda lori la hawa wanunuzi wapya wa pamba, majembe mkononi, tukidhani tutamchezea kumuaga. Tukakuta kaburi halijafika hata magotini, ardhi imekauka kabisa. Mjomba wake akatuita, "Vijana, njooni mtusaidie."

Tukaanza kuchimba. Sijui ilikuwaje, tukajikuta tunainua pamoja na kushusha pamoja, kama siku ya mashindano, ila hatuimbi. Niliona aibu. Nikajaribu kwenda kivyangu, mikono ikakataa.

Mama yake Masanja akatoka kwa wanawake wenzake akatujia. Nikajua anakuja kutufukuza, maana nani anacheza kwenye kaburi la mtu.

Akasimama, akasikiliza. Kisha akauliza kwa Kisukuma, taratibu, "Wanangu, mbona leo hakuna anayewapigia?"

Tuliendelea tu mpaka kina kikatosha.

Sikuchelewa hata mara moja.