Jiko la Mama

Jumapili, 6 Julai 2025
Leo nimemwona mama yangu kwenye simu ya Pasta Naftaly! Wale marafiki wa kanisa letu kule Denmark wametuma barua pepe, na mimi ndiye mkalimani, kwa hivyo akanipa nisome. Picha: Mama kwenye kigoda, ukuta mweusi kwa moshi. Chini yake imeandikwa, nyumba ya Wangare, Dundori.

Nyumba? Hilo ni jiko! Nimecheka hadi nikakohoa. Halafu nikasoma mbele. Wamemchangia Mama nyumba mpya, na Karin, mmoja wao, anakuja Jumapili ijayo kuonyeshwa mahali pa kuijenga. Kicheko kikaisha.

Jumanne, 8 Julai
Kamati ya kanisa imekaa. Nikaeleza: mwaka jana Karin alikuja mvua ikinyesha, Mama akamwingiza jikoni. Mgeni unayempenda unamketisha kwa moto, si sebuleni kwenye viti baridi! Nyumba yetu ya mawe iko hapo nyuma tu. Hakuiulizia, nasi hatukumwambia. Nani angefikiria?

Mwenyekiti, mzee Muiruri, alinisikiliza akijikuna kidevu. "Shiru, wewe nyamaza tu. Hii nyumba ikiisha wametuahidi borehole ya maji. Ukianza story za jikoni wataona sisi wote ni waongo."

"Lakini hatujadanganya mtu, mzee."

"Sasa si ndiyo nakwambia usianze!"

Sielewi. Yaani tukisema ukweli ndipo tutakuwa waongo? Lakini mtoni nashuka kila asubuhi, na mgongo unaniuma. Maji nayataka, jamani, tena sana.

Ijumaa, 11 Julai
Nimemwandikia Karin mara tatu. Nimefuta mara tatu.

Nimepita kwa Akoth, mwalimu wa nasari. Chumba chake cha mbao kinavuja, ameweka sufuria juu ya kitanda. Nikamuuliza mbona yeye hakupigwa picha. Akacheka. "Mgeni ningemkalisha wapi, Shiru? Kwangu hata moto wa kuota hakuna."

Nimerudi nyumbani na hasira. Sijui hata namkasirikia nani.

Jumamosi, 12 Julai
Mzee Muiruri amekuja kunifundisha la kusema. Eti nyumba ya mawe ni ya kaka yangu Mwaura, aliye Nakuru mjini, na imefungwa. Kesho tukitoka kwenda ibada niifunge kweli, ufunguo nikae nao mimi. Nimeitikia! Kwa nini nimeitikia?

Mama hajaambiwa kitu. Ameosha vikombe vya wageni na anaimba.

Jumapili, 13 Julai
Naandika haraka.

Karin amefika baada ya ibada. Akamkumbatia Mama pale jikoni, machozi yanamtoka. Pasta na mzee Muiruri wamesimama mlangoni. Karin akaniambia nimuulize Mama huwa analala upande gani. Nami, mjinga mimi, nikamtafsiria Mama neno kwa neno.

Mama akashangaa. Akauliza kama yeye ni kuku, alale jikoni. Akasema nimwambie mgeni huku tunaota moto tu, kwake ni pale nyumba ya mawe, na kitanda cha Karin ameshakitandika tangu asubuhi.

Karin ananitazama, anatabasamu, anangoja. Pasta anaangalia viatu vyake. Mzee Muiruri anakohoa, tena kikohozi cha uongo.

Nikasema naleta chai. Nikatoka mbio. Chai yenyewe iko kwenye thermos, palepale jikoni!

Sasa niko chumbani kwangu, kwenye nyumba ya kaka yangu iliyofungwa. Nimejifungia kwa ndani. Dirishani namwona Mama: hakumngoja mkalimani. Amemshika Karin mkono, wanavuka uwanja, mzee Muiruri yuko mbele yao anaonyesha ng'ombe, anaonyesha viazi, anaonyesha chochote. Mama anampita.

Kitasa kinazungushwa.

"Shiru! Si ufungue, mgeni anapigwa na baridi."