Ufa wa Ukuta wa Papa Paulin

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Imeshika! Kipimo changu kiko juu ya ufa wa ukuta wa sale, ukumbi wa kanisa, hapa Kasuku. Jiwe jeusi la labo, maabara yetu, nimelibandua na skochi, ule utepe wa gundi, mara kumi na nane, mpaka ikabaki ngozi moja tu, nyembamba hata haishikiki. Nimeiweka juu ya plastiki, plastiki juu ya ufa. Nikiimulika na lazeri ya kijani, inarudisha mwangaza mwekundu. Ufa ukipanuka, plastiki inavutika na ile rangi inasogea — jicho halioni, mashine inaona.

Bienfait, mchumba wangu, ameuliza kama ni lazima iwe ukuta aliojenga baba yake. Sasa ufa mwingine mzuri hivi uko wapi? Na arusi yetu njo Jumamosi, ndani ya sale hiyohiyo.

Jumanne, 8 Oktoba

Rangi imesogea. Kidogo. Labda ni joto, joto nalo linaisogeza.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepima alfajiri, kuna baridi. Imesogea tena. Basi si joto!

Jioni korali, kwaya yetu, ilifanya mazoezi ya nyimbo za arusi. Wakiruka, mstari wa ile rangi kwenye ordinatere, kompyuta yangu, unaruka nao. Wakiketi, unarudi — lakini si pale ulipotoka: ufa umebaki wazi zaidi. Mama Adèle, kiongozi wa korali, aliona, akapiga vigelegele: kumbe ukuta nao unajua kucheza! Mimi nilitaka kulia.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimemwambia Papa Paulin, baba wa Bienfait. Kosa! Ukuta huo njo sifa yake yote. Aliujenga wakati wa vita, 2002, treni haifiki, mji umezingirwa. Kila arusi lazima asimulie. Akachungulia kipimo, hakuona kitu.

— Mutoto wangu Elodie, kitu chenye hakionekane kinapima nini?

Nikajibu: hata Roho Mtakatifu haonekani, Papa. Mungu wangu, huu mdomo wangu! Ameondoka, chai ameiacha.

Bienfait anasema nikimwaibisha baba yake mbele ya watu, hanioi. Hakucheka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mstari umeenda mbele tena. Kesho watu mia mbili, na korali, na kuruka. Nikisema, sina bwana. Nikinyamaza — hapana. Siwezi.

Nikaenda kumtafuta Papa Paulin. Nimemkuta nyuma ya sale, amepiga magoti, kiganja juu ya ufa, kama anapima homa ya mtoto. Hakugeuka.

— Saruji ilikuwa mufuko moja, akasema. Moja tu. Ingine yote njo udongo na maombi.

Nilimhurumia sana. Nikapiga magoti kando yake.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika na shela kichwani. Papa Paulin ametoa viti vyote nje, yeye mwenyewe, na suti yake mpya! Anawaambia watu ndani kuna joto. Bienfait akaniangalia. Nikaitikia kwa nguvu: joto kali sana, Papa!

Mvua imeanza. Mama Adèle anatetemeka, anauliza ni joto gani hilo. Korali wote wanakimbilia mlango wa sale — Papa Paulin amesimama pale, ametandaza mikono, amelowa chapachapa, hapiti mtu. Wanamsukuma. Sasa ananiita mimi:

— Elodie! Leta ile mashine yako, uwaambie hii joto iko ngapi!