Waya wa Ilula

Iringa, Jumatano 14 Agosti 1974

Ule waya nilioufunga mwenyewe, bila kibali, ili telegramu za Mbeya zijichape hapa kwetu posta na Ilula kwa mpigo mmoja, leo umeniumbua.

Zamani tulipokea hapa, kisha tukawapigia Ilula upya: dakika arobaini. Sasa ni tatu. Nani aliwahi kunishukuru? Kozi wanapelekwa wengine.

Leo Mbeya wamemletea meneja wetu telegramu ya siri: injinia wa Dar anakuja kesho kukagua mitambo, mafundi tusiambiwe. Kabla sijaitoa kwenye mashine, simu ikalia. Ni Sekela, karani wa Ilula, anacheka: "Kamwene kaka! Mnatembelewa na injinia? Fagieni basi!"

Nikamwambia aichome ile karatasi.

"Niichome? Kila inayotoka kwenye mashine inafailiwa. Si wewe ulinifundisha? Nimeshaipa nambari, sitini na moja."

Waya nitaukata alfajiri, Ilula warudi kungoja dakika arobaini zao. Lakini injinia anatoka Dar. Atapita Ilula kwanza, na wakaguzi huanza na faili.