Sarafu Tisa za Kijani

Dada yangu mpendwa,

Sabuni uliyotuma imefika imepondeka, lakini inanukia nyumba nzima. Mwanao ameota jino la pili na ananiuma nikimnyonyesha.

Zile sarafu kumi za shaba zilizoota ukijani, alizotuachia bibi, nilianza kuzisugua kwa limau na majivu kama ulivyoagiza, ili sonara aziyeyushe akutengenezee bangili. Ya kwanza iling'aa kama kifungo cha koti, ila maandishi yakafutika. Sonara alipoiona akashika kichwa.

"Mama we, umeichuna ngozi! Nani kakwambia ule ukijani ni uchafu?"

"Dada yangu."

"Basi mwambie kutu ya chuma hula chuma. Hii ya shaba huifunika isiliwe ndani."

Nilicheka njia nzima, halafu nikaacha. Maana uliandika kwamba tangu niachike nimeota kutu hapa kwa mama, kwa hiyo mwisho wa mwezi unakuja kumchukua mwanangu umlee wewe, nami nianze upya.

Dada, nakuheshimu, ulinibeba mgongoni. Lakini mtoto haendi popote. Nashona sare za shule huku yeye akichezea vitambaa miguuni pangu, na wateja wanaongezeka. Njoo umbebe, umdekeze, kisha urudi peke yako.

Ile inayong'aa nimeifunga humu, ni yako. Tisa za kijani zinabaki na mwanangu.

Ni mimi mdogo wako,
wa shaba, si wa chuma.